Fimbo ya Kipimo Changu

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, toka barazani na kitu ambacho hujakimaliza. Usiombe msaada. Kaa tu, kishike mkononi, kigeuzegeuze, kunja uso kidogo. Chai yako haijapoa utakuwa umezungukwa na fundi baiskeli, fundi cherehani, fundi umeme, mzee mstaafu wa bandarini na mtoto wa darasa la nne aliyekiona kitu hicho kwenye simu ya dada yake, na kila mmoja anajua kasoro iko wapi.

Mimi nilitoka na fimbo ya kuvulia samaki. Ilikuwa bado haijawa fimbo, lakini hilo halikumzuia mtu. Tunakaa Ngamiani, Tanga, ambako barabara zinaitwa kwa namba, na habari nazo husafiri kwa kuhesabu: jambo likitokea barabara ya kumi, wa kumi na tano wanalijua kabla ya adhuhuri, likiwa limetiwa chumvi kila kona. Sijamaliza kupanga vifaa mkekani, barabara ya kumi na tano walishapata uhakika kwamba natengeneza mashine ya kuvuta samaki kwa umeme.

Nia yangu ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Fimbo ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani, na mtu huyo hajawahi kuonekana Tanga. Mpini wake, kuanzia rili inapokaa hadi kitakoni, unatakiwa ulale chini ya mkono wako na kuishia karibu na kiwiko. Mkono wangu ni mfupi. Fimbo ya dukani ikifika kwangu inapita kiwiko, inaingia kwapani, na kila nikirusha chambo inanikumbusha mbavu zangu zilipo. Katika nchi ambako watu huvua kwa kujifurahisha, Marekani na Japani hasa, wapo wanaokwepa taabu hii kwa kununua ufito mtupu, pete, uzi na gundi, wakajiundia fimbo mezani kwao kwa urefu wa mikono yao. Nikaona hapo pana haki yangu. Shati langu la harusi lilikatwa kwa kipimo cha kaka yangu. Kitanda tulikikuta kwenye nyumba. Mlango wa bafu ulipimwa kwa mtu mfupi kuliko mimi, na paji langu la uso hulikumbuka hilo kila alfajiri. Nilitaka, kabla sijazeeka, niwe na kitu kimoja duniani kilichokatwa kwa kipimo changu.

"Na hiyo fimbo," akaniuliza mzee mstaafu, ambaye kabla ya bandari alivua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, "inavua nini ambacho kidole hakivui?"

Nikamwambia inarusha mbali.

"Kwani samaki wako mbali?"

"Wengine, mzee wangu."

"Basi panda mtumbwi."

Mtu wa mshipi humshindi kwa hoja. Mshipi unapita juu ya kidole chake cha shahada, na kwa kidole hicho anakuambia ni samaki gani anayedonoa huko chini na ana nia gani. Nikaona nimshinde kwa historia. Nikamweleza kwamba katika karne ya kumi na tisa mafundi wa Marekani, akina Hiram Leonard wa jimbo la Maine, waliupasua mwanzi wakapata fito nyembamba za pembe tatu, wakazipiga randa mpaka zikalingana, kisha wakagandisha sita pamoja kwa gundi, ikatoka fimbo moja ya pande sita. Mwanzi uliokuja kupendwa kuliko yote ulitoka Guangdong, China.

"Mwanzi mmoja," mzee akasema taratibu, "wanaupasua sita, halafu wanaurudisha mmoja."

"Ndiyo."

"Samaki walikuwa wameisha?"

Baada ya Vita Kuu ya Pili mwanzi ulizipisha nyuzi za kioo, na nyuzi za kioo nazo zikaipisha kaboni: nyuzi nyeusi, nyepesi na ngumu, ambazo wanasayansi wa Farnborough, Uingereza, walizishughulikia miaka ya 1960 wakiwa na ndege akilini. Miaka ya 1970 wavuvi walishazinyakua. Ufito wangu ulikuwa wa kaboni, na nilidhani habari za ndege zitamtuliza mzee. Akauliza kitu cha ndege kinatafuta nini baharini.

Ufito wenyewe ulitoka Maskati. Mtu wa pwani hakosi ndugu Maskati, na binamu yangu wa huko aliniagizia kile hasa nilichokitaka: futi saba, kipande kimoja kisicho na kiungo, mnene kitakoni, mwembamba nchani, mwepesi kiasi kwamba ukiushika unautazama mkono wako kuhakikisha kuna kitu. Akaukabidhi, pamoja na pete na kikalio cha rili, kwa mama mmoja wa Tanga aliyekuwa anarudi nyumbani. Mama yule ni mtu mwema, na wema wake ndio ulionimaliza. Aliona mti mrefu usioingia sandukuni. Akaona aibu kumrudishia binamu yangu mzigo wake. Akaenda kwa seremala, akaukatisha vipande vitatu vilivyolingana, sentimita sabini na moja kila kimoja, akavifunga ndani ya kanga mpya, akanifikishia bila hata mkwaruzo.

"Fito zako hizi, mwanangu," akasema. "Nimesimamia mwenyewe kwa rula, hakuna iliyozidi mwenzake."

Nikasema ahsante, na Mungu akulipe. Ungesema nini? Mama wa watu alikuwa amebeba mzigo usiomhusu kuvuka bahari nzima, na alisimama mlangoni akingoja nifurahi. Nikafurahi. Hivyo ndivyo kipimo cha kwanza katika fimbo yangu kilivyokuwa cha sanduku.

Fundi baiskeli ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa tiba. "Lete nikuchomelee, Mgosi." Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi baiskeli wa Tanga haamini kwamba Mungu aliumba kitu kikavunjika moto ukakishindwa. Nikamweleza kwamba kaboni ni nyuzi zilizolazwa ndani ya gundi ngumu, ukiipelekea moto inaungua gundi unabaki na nyuzi. Akafikiri, akaleta kipande cha bomba la pampu: vipande viingie humo, mambo yaishe. Lakini fimbo lazima ipinde kwa urefu wake wote, na chuma hakipindi, kwa hiyo siku ya samaki ingevunjika palepale chuma kinapoishia. Dawa yake ni kijiti cha ndani. Unatafuta ufito usio na uwazi, wenye kupinda, unaupiga msasa mpaka uingie ndani ya kipande cha chini, unaugandisha humo nusu yake, na nusu nyingine unaiacha nje ichomekwe kwenye kipande cha juu.

Fundi umeme akatoweka akarudi na ufito wa nyuzi za kioo aliokuwa akipitishia nyaya darini kabla haujamkatikia. Unene ulikaribia kabisa. Akaniachia bure, kwa sharti dogo: samaki wa kwanza akipatikana, naye akumbukwe. Nikakubali haraka, nisijue kwamba nimefungua daftari la madeni. Kisha akanipa onyo, na katika hili alisema kweli tupu: kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo nisiinyanyue fimbo hiyo chini ya nyaya, wala nisisimame nayo ufukweni masika radi zikianza.

Vumbi la kaboni na kioo linawasha. Mtu mwenye akili hulowesha msasa, hufunga pua na kukaa upande upepo unakotoka. Mimi nilifanya yote matatu. Mtoto wa darasa la nne alikaa upande upepo unakoelekea, na jioni mama yake alikuja kuniuliza, kwa upole wa kutisha, mwanawe amegusa nini kwangu.

Vipande vilipokwisha kuunganika ilibaki kutafuta uti wa mgongo. Kila ufito una upande mmoja mgumu kidogo kuliko mwingine, kwa jinsi kitambaa cha nyuzi kinavyoviringishwa kiwandani. Unaegemeza ncha sakafuni, unaupinda kwa kiganja, unauviringisha. Unafika mahali unaruka wenyewe na kutulia. Hapo unaweka alama. Mafundi wa dunia wamegawanyika: wengine wanasema pete zisipofuata uti huo fimbo itajinyonga ikibeba samaki, wengine wanasema hizo ni imani tu. Baraza letu nalo liligawanyika, na hakuna aliyekuwa amesikia habari hiyo mpaka asubuhi ile. Nikaingia sebuleni kuupima wima, mbali na kelele. Futi saba za ufito, mkono wa mtu ulioinuliwa, na dari ya nyumba ya kupanga. Pangaboi lilikuwa linazunguka.

Ncha ilipungua kwa upana wa vidole viwili. Pangaboi nalo likawa limetia kipimo chake.

Tukaja kwenye mpini, na hapa nilijihadhari, kwa kuwa mpini ndio uliokuwa sababu ya safari yote. Nilimwita fundi cherehani, mtu pekee mtaani anayepima miili ya watu kwa riziki yake. Akazungusha futikamba shingoni, akanyoosha mkono wangu, akapima kuanzia kiganja hadi kiwiko, akaandika namba kwa chaki kwenye ukuta, akaniambia huo ndio mkono wangu na nisimruhusu mtu mwingine anidanganye. Naye akataka akumbukwe kwa samaki wa kwanza.

Mpini mzuri wa fimbo hutengenezwa kwa gome la mti uleule unaotoa vizibo vya chupa, na mti huo huota Ureno na Hispania. Badala yake watu hutumia sponji ngumu na nyepesi iitwayo EVA, na hiyo Tanga ipo kila penye mguu, maana ndiyo inayotengenezewa kandambili nyingi. Bamvua ikipita, bahari huacha ufukweni kandambili za kila rangi, kila moja ikiwa imeachana na mwenzake. Nikawatangazia watoto: kandambili moja, shilingi mia. Watoto ni wafanyabiashara wazuri. Siku ya kwanza walikwenda ufukweni. Siku ya pili waligundua kwamba kandambili zipo karibu zaidi, zimepangwa vizuri milangoni, na hazina mchanga.

Unazikata miduara kwa kufuata mdomo wa glasi, unatoboa katikati kwa msumari wa moto, unaipaka gundi na kuichomeka kwenye ufito mmoja baada ya mwingine, unaibana, na ikishika unaipiga msasa huku ikizungushwa mpaka mpini uwe laini. Mpini wangu ulitoka una mistari ya buluu, njano, waridi, kijani, na mmoja mweusi wenye maua ya dhahabu uliotulia palepale kiganja kinaposhika.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Pangani kututembelea. Alitafuta kandambili yake ya kushoto chini ya viti, uani, nyuma ya pipa la maji. Kisha akaja nilipokaa, akautazama mpini kwa muda.

"Mkwe wangu, maua haya si ya kiatu changu?"

"Ndiyo, mama."

Akaushika, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Kimekaa vizuri," akasema, akaondoka na mguu mmoja peku.

Nilimnunulia jozi nyingine jioni ileile. Aliipokea kwa heshima, ile ya kulia ya zamani akaiweka kwenye mkoba, na jambo hilo nililiona lakini sikulitilia maanani.

Sasa pete. Mafundi wana kanuni ya kuanzia: pete moja kwa kila futi, na moja ya nyongeza. Kwangu zikawa nane, pamoja na ya nchani. Kubwa kuliko zote inakaa karibu na rili, kwa sababu mshipi unatoka kwenye rili ya kuning'inia ukiwa na mizunguko mipana, na pete zinazofuata zinaubana kidogokidogo mpaka unyooke. Nilikuwa namweleza mke wangu haya huku nimezipanga mezani kuanzia kubwa hadi ndogo, kila moja ina duara la kauri ndani, zinang'aa.

"Fimbo ina pete nane," akasema. "Mimi nina moja."

"Ile ya mwisho ni ya nchani," nikajaribu kufafanua.

"Basi nipe hiyo."

Nafasi za pete hazitoki kitabuni, hutoka kwenye mpindo. Unazishika kwa vipande vya tepu ya karatasi, unapitisha mshipi, unaufunga mahali imara, kisha unavuta mpaka fimbo ipinde nusu duara. Mshipi ukionekana unakatiza kona badala ya kufuata mgongo wa ufito, unasogeza pete. Mahali imara palikuwa kitasa cha mlango wa sebule. Nilivuta. Fimbo ikapinda mpindo mzuri ambao bado nauona nikifumba macho: laini, usio na kona hata kwenye viungo vya fundi umeme. Nikaita watu waje waone. Mama mkwe, akiwa nje, alisikia naita.

Akafungua mlango.

Fimbo ikanyooka kwa haraka yote iliyokuwa imeiweka akiba. Tepu ya karatasi haikutengenezwa kwa ajili ya shughuli ile. Pete moja ilipiga kioo cha kabati, mbili zikaingia chini ya kochi, moja ikatoka dirishani ikasababisha maswali barabarani. Ya nchani hatukuiona mpaka usiku, kwenye maharage. Mke wangu aliitoa mdomoni, akaifuta kwa kitambaa, akaijaribu kidoleni, akasema, "Hatimaye."

Kabla ya kuzifunga pete, miguu yake inapigwa tupa mpaka iwe myembamba mbele, ili uzi upande juu yake bila kuacha pengo. Hiyo ni kazi ya fundi baiskeli, na fundi baiskeli ni Simba. Uzi ulitoka kwa fundi cherehani, na fundi cherehani ni Yanga; alinipa kijani na njano akiapa kwamba dukani hakuna rangi nyingine. Fundi baiskeli akaweka tupa chini. Mazungumzo yalichukua muda kuliko kazi. Suluhu ilikuwa kwamba pete nne za chini zivae kijani kwa njano, nne za juu nyekundu kwa nyeupe, na mimi mwenyewe nisishangilie timu yoyote mpaka fimbo ikauke.

Kuzungusha uzi ni kazi ya amani ukiachwa peke yako. Unaliweka gurudumu la uzi ndani ya kikombe lisikimbie, unapitisha uzi katikati ya kurasa za kitabu kizito ili ukaze sawasawa, kisha unaviringisha ufito mbele yako, mzunguko mmoja ukilala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana wala kuachana. Mwishoni unapitisha ncha ya uzi kwenye kitanzi ulichokitega, unakivuta, kinafichika chini. Nilikuwa nimefika pete ya tano, pumzi imetulia, dunia imenyamaza. Mama mkwe alipita na birika, akaona kikombe mezani kwa mkwe wake, akafanya kile ambacho mama yeyote mwema hufanya akiona kikombe kitupu. Ilikuwa chai ya maziwa, yenye tangawizi.

Ilibaki epoksi, inayofunika uzi ikauacha mgumu na unang'aa. Ni gundi ya vimiminika viwili, na lazima vilingane kabisa, kwa hiyo watu huvipima kwa mabomba ya sindano. Nilikwenda duka la dawa nikaomba mabomba, sindano zenyewe sizitaki. Dada wa dukani alinitazama machoni, akanitazama mikononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna mtu wa kuzungumza naye. Nilimweleza kuhusu fimbo. Akasema sawa kaka, wengi huanza hivyo.

Joto la Tanga na epoksi havipatani. Joto huiharakisha, na ikiwa imejikusanya ndani ya kikombe hujipasha yenyewe, ikaganda umeshika brashi. Kikombe cha kwanza kilipata kufika pete ya tatu tu. Ukiimwaga juu ya sahani ikatandazika, inakupa nafasi zaidi. Viputo vya hewa unavifukuza kwa kupitisha mwali mdogo wa moto kwa mbali. Lakini adui mkubwa ni uzito wake mwenyewe: fimbo ikitulia, epoksi inashuka chini na kufanya vitambi, kwa hiyo lazima fimbo izungushwe taratibu kwa saa kadhaa mpaka gundi ishike. Fundi umeme alileta mota ya feni ya mezani. Feni huzunguka zaidi ya mara elfu kwa dakika. Tungepata fimbo kavu na kuta zilizopakwa vanishi. Ndipo mpambaji wa kumbi za harusi, anayekaa nyumba ya nyuma, akakumbuka mota yake ya mpira wa vioo, ule unaozunguka darini bwana na bibi harusi wakiingia. Mwendo wake ni mizunguko michache tu kwa dakika. Nje huko hata mafundi wa fimbo huzitumia mota hizo. Masharti yake: irudi kabla ya shughuli ya Jumamosi, na samaki wa kwanza asisahaulike.

Tatizo moja. Waya wa mota na waya wa taa zake ulikuwa mmoja. Huwezi kuzungusha bila kuwasha. Usiku ule sebule yetu ilikuwa nyekundu, kisha kijani, kisha zambarau, fimbo inazunguka katikati kwa madaha, watoto wanacheza. Jirani wa barabara ya pili akaja amevaa dira, ana bahasha mkononi, akauliza kwa masikitiko ni shughuli ya nani na kwa nini yeye hakupewa kadi.

Ndipo umeme ukakatika.

Giza liliingia na epoksi ikaanza kushuka. Mimi nilitafuta tochi. Mama mkwe alitafuta ufumbuzi. Alikaa kwenye mkeka, akaupakata mpini pale penye maua yake, akatoa tasbihi. Punje moja, nusu mzunguko. Punje moja, nusu mzunguko. Watoto walipokezana upande wa pili mpaka wakalala mmoja mmoja. Yeye hakulala. Umeme uliporudi gundi ilikuwa imeshika, laini kabisa, isipokuwa kwenye pete ya sita ambapo kidole cha mtoto kiliteleza ikaganda inatazama kando. Na rangi? Uzi mweupe ukinywa epoksi unakuwa kioo, unapotea. Nyekundu ikaiva ikakaribia kahawia. Kijani na njano zilibaki zinawaka. Fundi baiskeli alipoiona asubuhi alisema hilo ni jambo la kupelekwa Shirikisho.

Tulikwenda ufukweni Raskazone maji yakiwa yanajaa, tulio na haki na fimbo sote, yaani barabara karibu nzima. Nikaunganisha vipande vitatu, nikatia chambo cha ngisi, nikavuta pumzi, nikarusha. Mshipi ulipita kwenye pete zote, hata ile yenye kengeza, ukaenda mbali kuliko nilivyowahi kurusha maishani. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimejikunja. Mpini ulikuwa umepita kiwiko, umeingia kwapani, umenifika mbavuni.

"Ulipima vizuri kweli?" nikamuuliza fundi cherehani.

"Sana. Nikaongeza na ya kukunja," akasema. "Huwa sikati kamili. Mtu akinenepa?"

Sikupata kumjibu, maana fimbo ilipinda. Viungo vya fundi umeme vikashika. Pete hazikuchomoka. Aliyekuja juu baada ya purukushani ndefu alikuwa kolekole wa haja, anang'aa fedha, na kabla sijamtoa ndoana mzee mstaafu alishachomoa kisu na kuketi juu ya jiwe. Pwani yetu samaki hugawanywa kwa mafungu, la chombo, la zana na la watu, na mgawaji ni mkubwa wa umri.

"Chombo hakuna," akasema. "Zana zipo. Mwenye viungo?" Fundi umeme akapata lake. Mwenye tupa, lake. Mwenye uzi, lake. Mwenye mota, lake. Yule mama wa Maskati hakuwepo, lakini mzee akaweka pembeni fungu la usafiri. Watoto, la kandambili. Kichwa, ambacho ndicho heshima ya samaki, kilikwenda kwa mama mkwe: la kiatu na la tasbihi kwa pamoja. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulileta nini?"

"Kipimo," nikasema.

Aliutazama mpini ulivyoniingia kwapani. Alimtazama fundi cherehani. Akanikatia mkia.

Nilikuwa bado nimeushika mkia wangu mama mkwe alipofungua mkoba, akatoa kandambili ya kulia yenye maua ya dhahabu, akaiweka juu ya jiwe mbele ya watu wote.

"Mwenzake ameshanipatia kichwa," akasema. "Huyu naye ataanza lini?"

Fundi cherehani alikuwa ameshavuta futikamba shingoni.